Fundi Mbele ya Bajeti ya Kaunti: Elimu ya Uraia katika Vyuo vya Isiolo

Bajeti ya kaunti nchini Kenya ina tarehe zake, na tarehe hizo si siri. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe mezani pa bunge la kaunti. Kufikia Februari 28 ufuate waraka wa sera ya fedha, ule unaoamua kila idara itapewa kiasi gani. Aprili 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio yenyewe, na Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa. Yote haya yamo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Chuo cha ufundi nacho kina mihula mitatu: Januari hadi Aprili, Mei hadi Agosti, Septemba hadi Desemba. Ukiziweka kalenda hizi mbili sambamba utaona kwamba karibu kila uamuzi mkubwa wa fedha za umma hufanyika wanafunzi wakiwa chuoni, au wakiwa ndio kwanza wanafungua au kufunga muhula. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lakini mtu anayeuliza elimu ya uraia itaingizwa vipi katika vyuo vya Isiolo, na itakaa wapi katika ratiba iliyojaa uashi, umeme, ushonaji na umekanika, ana pa kuanzia.

Swali lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana. Isiolo ilikuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, nao wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, kuanzia Oldonyiro upande wa magharibi hadi Sericho upande wa mashariki. Ina wadi kumi. Ina Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru, Wasakuye na wengine, kila jamii na kumbukumbu yake ya namna ilivyotendewa na serikali. Imepitiwa na barabara kuu ya Moyale, ikajengewa uwanja wa ndege wa kimataifa, ikatajwa katika mradi wa LAPSSET kuwa mahali pa mji wa kitalii. Maamuzi makubwa yanapita juu ya vichwa vya watu wake kila mwaka. Vijana watakaoishi na matokeo ya maamuzi hayo kwa miaka 40 ijayo wengi hawako chuo kikuu. Wako katika chuo cha ufundi cha kaunti, katika kampasi ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, mjini, katika vyuo vya wadi za mbali, au hawako popote.

Kenya haina chuo cha jamii kwa maana ya Kimarekani, yaani chuo cha miaka miwili kilicho karibu na nyumbani, chenye ada nafuu na mlango ulio wazi kwa yeyote. Chenye sura hiyo kwetu ni chuo cha mafunzo ya ufundi, kile ambacho wazee bado wanakiita politekniki ya kijiji. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeviweka vyuo hivi chini ya kaunti, pamoja na shule za chekechea. Vyuo vya kiufundi vya ngazi ya juu zaidi vilibaki kwa serikali ya kitaifa chini ya Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi na Ufundi Stadi ya 2013. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa hoja yangu: kijana anayesomea uashi katika chuo cha kaunti anafundishwa na mwajiriwa wa serikali ileile ambayo elimu ya uraia ingemfundisha kuihoji. Nitarudi hapo.

Kwanza tuangalie kinachofundishwa. Mtaala wa umilisi, unaosimamiwa na baraza la CDACC, huwapa wanafunzi wa fani zote stadi za msingi kando ya ufundi wenyewe. Kwa miaka mingi orodha yake ilikuwa mawasiliano, hesabu, matumizi ya kompyuta, ujasiriamali, kujiandaa kwa ajira, mazingira, na usalama kazini. Zote zina maana, na sina ugomvi na hata moja. Lakini ukiisoma orodha hiyo unamwona mtu mmoja tu: mfanyakazi. Anajua kuandika barua ya kuomba kazi, anajua kuvaa kofia ngumu, anajua kupiga hesabu ya faida. Yule mwananchi ambaye Kifungu cha 1 cha Katiba kinasema mamlaka yote ni yake hayumo.

Jambo la kushangaza ni kwamba shule za kawaida zimeanza kulifanyia kazi pengo hili. Katika mtaala mpya wa sekondari ya juu, mafunzo kupitia huduma kwa jamii ni ya lazima kwa kila mwanafunzi, achague sayansi, sanaa au michezo. Kwa hiyo mtoto atakayefika sekondari ya juu atakutana na jamii yake kama somo. Aliyeishia njiani, akaenda kujifunza kuchomelea vyuma kwa sababu karo ilikosekana au ukame ulimaliza mbuzi, hatakutana nalo. Tumempa elimu ya uraia yule ambaye tayari ana nafasi nyingi za kuipata, na kumnyima yule ambaye chuo hiki ndicho darasa lake la mwisho.

Mgawanyo huu wa fundi na mwananchi una historia, na historia hiyo iko Kabete. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua huko kituo cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Leo ni Politekniki ya Kitaifa ya Kabete. Mwaka 1925, si mbali na hapo, ikafunguliwa Shule ya Jeanes, ya kuwaandaa walimu waliotarajiwa kurudi vijijini na kuzisaidia jamii zao katika afya, kilimo na shule. Mwaka 1961 majengo ya Jeanes yakawa chuo cha watawala, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, ambako maofisa wa kaunti hupelekwa kusomea uongozi na mipango. Mafundi walipelekwa huku, waliotarajiwa kuongoza jamii wakapelekwa kule. Karne moja baadaye anayeandika bajeti ya zahanati na anayejenga ukuta wa zahanati hiyo bado wanasoma katika vyuo viwili vya Kabete ambavyo havina la kuambiana.

Palikuwa na wakati ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na kutokana nayo zikazaliwa politekniki za vijiji. Hizo za mwanzo zilikuwa za jamii kwelikweli: kamati za wenyeji, michango ya harambee, fani zilizochaguliwa kwa kuangalia kijiji kinahitaji nini. Mwanafunzi hakufundishwa somo la uraia. Aliuona uraia kamati ikigombania mabati. Kisha serikali ikazichukua, zikapata mitihani, ruzuku na mikondo ya kitaifa. Zilipata mengi katika mabadiliko hayo, na zikapoteza lile.

Huwezi kuzungumzia uraia Isiolo kwa lugha ya Nairobi. Wadi ya katikati ya mji inaitwa Wabera, kwa jina la Dabaso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa kwa risasi Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dida, miezi michache kabla ya uhuru, wakati Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilipokuwa inavutana juu ya kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Uhuru ulipofika Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwezi uohuo. Vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga, viliendelea hadi 1967. Watu na mifugo walikusanywa kwenye kambi, za Garbatulla na Merti zikiwemo, na maelfu ya ngamia na ng'ombe wakafa. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga askari na maofisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka. Sheria za dharura za kaskazini hazikuondolewa hadi 1991. Maana yake ni kwamba mwananchi wa Isiolo mwenye umri wa miaka 50 leo alizaliwa na akakua chini ya utawala ambao Mkenya wa Nyeri hakuujua.

Kitambulisho ni sehemu ya historia hiyohiyo. Kwa miongo mingi vijana wa kaskazini, hasa Waislamu na jamii za wafugaji, walipita mbele ya kamati za kuwachuja zilizowataka wathibitishe kwamba ni Wakenya. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kukomesha uchujaji huo. Hatua hiyo haifuti tabia ya miaka 60 kwa siku moja, na hata sasa mwalimu atakayeanza somo la uraia katika chuo cha Isiolo kwa kusema "kila Mkenya ana haki ya kitambulisho" atakuta darasani kuna mtu ambaye kaka yake alizungushwa mwaka mzima. Somo linaweza kuanzia hapohapo kwenye kitambulisho: karatasi gani zinahitajika, ofisi gani inahusika, ukikataliwa unaandika barua kwa nani. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa masomo wa HELB, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna zabuni, hakuna kura.

Kuhusu kura, takwimu za kitaifa hazifurahishi. Katika daftari la 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya wapiga kura waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Halafu Juni 2024 vijana haohao walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na mswada ukaondolewa siku moja baada ya umati kuingia Bungeni. Waliokuwa wakiwaita vijana wavivu wa siasa walibaki bila maneno. Mswada ule ulisomwa kifungu kwa kifungu kwenye simu, ukafasiriwa kwa lugha za nyumbani, ukachorwa vibonzo. Kumbe hamu ya kuelewa fedha za umma ilikuwepo. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni mahali pa kuendelea nayo baada ya moshi wa vitoa machozi kutawanyika, hasa katika ngazi ya kaunti, ambako fedha si nyingi kama za Nairobi lakini zinaonekana kwa macho: kisima, soko, choo cha shule, ukuta wa zahanati.

Mapendekezo mengi ya elimu ya uraia hupotelea katika hatua hii. Huleta kijitabu cha Katiba, mkufunzi kutoka shirika fulani, semina ya siku mbili, fulana na cheti. Kenya imefanya hivyo tangu mpango wa kitaifa wa elimu ya uraia wa 2001 na 2002, na haikuwa kazi bure, kwani bila msingi ule kura ya maoni ya 2010 ingekuwa ngumu zaidi. Lakini fundi si mwanafunzi wa sheria. Akiambiwa Kifungu cha 10, Kifungu cha 35, Kifungu cha 196, atavisahau kabla ya chakula cha mchana. Ana ujuzi mwingine, na huo ndio ambao mikutano ya ushirikishwaji wa umma haina.

Tazama mkutano wenyewe unavyokwenda. Hema, viti vya plastiki, maofisa mbele, dua ya kufungua. Waraka mnene wa Kiingereza, nakala chache. Msemaji wa kila jamii anasimama, anasalimia, anaomba maji, barabara na basari. Orodha ya waliohudhuria inatiwa saini, nauli inagawiwa, watu wanatawanyika. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika mikutano hii hata aliyekuwepo mara nyingi lake halipo, kwa sababu anaomba kitu kwa jina tu. Hana namna ya kuuliza kwa nini birika la maji la ukubwa uleule linagharimu mara mbili katika wadi jirani, wala msingi utachimbwa kina gani, wala nondo ni za milimita ngapi.

Mwanafunzi wa uashi aliyeko muhula wa pili anaweza kuuliza. Anajua uwiano wa saruji, mchanga na kokoto wa moja kwa mbili kwa nne, na anajua zege lililoibwa saruji linavyopukutika ukilikwaruza kwa msumari. Mwanafunzi wa umeme anajua jengo lisilo na waya wa ardhini ni hatari kwa mgonjwa na kwa muuguzi. Fundi bomba anajua bomba la plastiki hafifu litapasuka jua la Merti likilichoma msimu mmoja. Wote, kufikia mwisho wa kozi, wamefundishwa kusoma mchoro na orodha ya vifaa na gharama, ile BQ. Hati hiyohiyo ndiyo imo katika faili la kila mradi wa kaunti. Tofauti ya BQ ya darasani na BQ ya zahanati ni kwamba ya pili imelipiwa na umma, na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 mwananchi anaweza kuiomba na kutakiwa ajibiwe ndani ya siku 21.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: elimu ya uraia katika vyuo vya Isiolo isiwe somo la nane lililobandikwa juu ya mengine saba, bali iwe ndani ya karakana. Zoezi la kusoma BQ lifanywe kwa BQ halisi ya mradi wa wadi. Zoezi la kupima lifanyike penye jengo la umma. Ripoti ya mwanafunzi wa mawasiliano iwe barua ya kuomba habari, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa. Hesabu za mwanafunzi wa biashara ziwe za kitabu cha bajeti ya kaunti, safu kwa safu. Mwanafunzi wa ushonaji anaweza kufuatilia zabuni ya sare za shule. Tathmini inabaki ileile: mkufunzi anapima kama umejua kupima, kuhesabu na kuandika.

Hili si jambo la kubuni, kwani Pwani ilishafanya kitu cha namna hii. Mwaka 2007, shirika la MUHURI la Mombasa liliendesha ukaguzi wa kijamii wa miradi ya Hazina ya Maendeleo ya Eneo Bunge huko Changamwe, likisaidiwa na watu wa vuguvugu la MKSS kutoka Rajasthan, India, ambako wanavijiji walikuwa wamezoea kusoma hesabu za serikali hadharani. Wakazi wa kawaida walifundishwa kusoma mafaili, wakatumwa kwenye miradi kupima na kulinganisha, kisha matokeo yakasomwa mbele ya umma, wahusika wakiwepo. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuyapata mafaili, maana wakati ule hapakuwa na sheria ya kupata habari. Leo ipo. Kinachohitajika sasa Isiolo ni kikosi cha watu waliokwisha kufundishwa, walio pamoja mahali pamoja, wenye walimu na wenye muda. Chuo kinavyo vyote hivyo.

Hata Isiolo kwenyewe mfano upo, ingawa haukuanzia chuoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaunti hii ilikuwa ya kwanza nchini kujaribu mfuko wa mabadiliko ya tabianchi ambao asilimia 70 ya fedha za miradi ziliamuliwa na kamati za wadi zilizochaguliwa na wenyeji. Kamati ziliketi na wazee wa dheedha, lile baraza la Kiborana linaloamua malisho ya kiangazi na ya masika yatumiwe lini na nani, wakakubaliana kisima kipi kikarabatiwe na kipi kiachwe kwa sababu kingevuta mifugo kwenye malisho ya akiba. Mfumo huo ukaenda Wajir, Garissa, Makueni na Kitui, na baadaye ukawa msingi wa mpango wa kitaifa. Sijui kaunti nyingine iliyompa mwanakijiji kalamu ya fedha kwa kiwango kile. Kasoro niionayo ni moja: busara ya malisho ilikuwa ya wazee, hesabu za ujenzi zilikuwa za mhandisi wa kaunti, na kijana mwenye cheti cha uashi, aliyezaliwa palepale, hakuwa na kiti maalumu kati yao. Angekuwa daraja zuri. Anaongea Kiborana na mzee, anasoma mchoro na mhandisi.

Pia kuna mahakama. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa 2021 na wakazi 165 dhidi ya Northern Rangelands Trust na wengine, ikaamua kwamba hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa ilianzishwa kinyume cha Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu hifadhi hizo. Wako wenyeji wanaozipenda kwa ajili ya ajira na basari, na wako wanaoziona zimewanyang'anya malisho. Kwa mwalimu, uzito wa kesi uko kwingine. Wafugaji walikwenda mahakamani na neno ambalo wanafunzi wengi hulichukulia kuwa mapambo ya hotuba, ushirikishwaji, wakarudi nalo likiwa na nguvu ya kisheria. Nusu siku ya kuisoma hukumu hiyo, kwa Kiswahili rahisi, ingemfundisha mwanafunzi wa wadi ya Cherab au Chari mengi kuliko kijitabu.

Sasa nirudi kwenye lile nililoliacha njiani. Chuo ni cha kaunti, mwalimu ameajiriwa na kaunti, vifaa vya karakana vinanunuliwa na kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na kitengo na mpango wa elimu ya uraia. Ni sheria nzuri, na ina mtego ndani yake, kwani anayetakiwa kukaguliwa ndiye anayetakiwa kumfundisha mkaguzi. Matokeo yanatabirika. Elimu ya uraia inageuka kuwa maonyesho ya miradi ya gavana, na wanafunzi wanakuwa umati wa kupokea wageni siku ya ufunguzi. Sitaji kaunti yoyote, maana hali hii haihitaji mtu mbaya. Mkuu wa chuo anayesubiri idhini ya kununua mashine ya kuchomelea hatatuma wanafunzi kupima zege la mradi wa idara inayotoa idhini hiyo.

Tanzania imelipitia hili kwa njia yake. Mwaka 1975 ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, ikiazima wazo la vyuo vya watu wazima vya Skandinavia, ambavyo mzizi wake ni shule iliyofunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844 kwa fikra za N.F.S. Grundtvig. Wazo lilikuwa zuri sana: mwanakijiji aje chuoni, ajifunze ufundi na mambo ya jamii pamoja, kisha arudi kijijini. Vyuo vikafika zaidi ya 50. Ufundi na uraia vilikaa chini ya paa moja, jambo ambalo Kenya haikuwahi kulifanya kwa mpango wa kitaifa. Lakini ulikuwa wakati wa chama kimoja, na somo la siasa lilikuwa la kueleza sera kuliko kuihoji. Siasa ilipobadilika, somo likapoteza msemaji, na vyuo vikasogea taratibu kuelekea ufundi mtupu. Bado vinafanya kazi kubwa, hasa kwa wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito, ambao wamerudishwa darasani kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Ila ninachokiona katika historia yao ni kwamba uraia unaofundishwa kama msimamo wa serikali hufa na serikali hiyo.

Dawa, kwa maoni yangu, ni kuuweka uraia katika kazi za ufundi zinazopimwa na mtu wa nje. CDACC na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, si za gavana. Ikiwa kigezo cha kufaulu moduli ya ujenzi ni ripoti ya ulinganisho wa BQ na jengo la umma, mkuu wa chuo ana cha kujitetea nacho: mtaala umesema. Vilevile mradi wa kuchunguzwa si lazima uwe wa kaunti tu. Kuna madarasa ya hazina ya eneo bunge, miradi ya serikali ya kitaifa, visima vya mashirika. Kukagua pande zote kunapunguza shaka kwamba chuo kimetumwa na upinzani.

Shaka hiyo si ndogo Isiolo. Siasa ya kaunti hupigiwa hesabu ya jamii: nani ana gavana, nani naibu, nani seneta, nani spika. Mwaka 2025 bunge la kaunti lilitangaza kwamba limemng'oa Gavana Abdi Ibrahim Guyo, na Julai Seneti ikaukomesha mchakato baada ya kukubali pingamizi kwamba hakikufanyika kikao halali. Mitaani mjadala ulikuwa wa upande: wetu na wao. Kwa darasa, swali lilikuwa jepesi na lenye afya zaidi: kikao kikifanyika, huacha nyaraka gani? Kumbukumbu rasmi za bunge, orodha ya mahudhurio, hoja iliyosajiliwa. Mtu aliyezoea kuuliza nyaraka haachi kuwa Mborana au Mturkana, lakini anakuwa na swali la pili baada ya swali la ukoo. Karakana pia ni mojawapo ya sehemu chache ambako kijana wa Kambi Garba, wa Ngare Mara na wa Kinna wanashika ubao mmoja kwa miezi kadhaa, na mmoja akikosea kipimo wote wanabomoa. Singependa kulipamba jambo hili kupita kiasi. Ng'ombe wakiibwa Burat, mabweni nayo huwa kimya. Ila ni afadhali kuliko semina ya amani ya siku mbili.

Kampasi ya KMTC imelikaribia wazo hili zaidi kuliko vyuo vingine, pengine bila kukusudia. Wanafunzi wa uuguzi na afya ya umma hupelekwa kwenye jamii, hukaa na wahudumu wa afya wa vijijini, huhesabu vyoo na vyanzo vya maji, huandika ripoti ya hali ya afya ya eneo. Ripoti hizo zikiishia kwenye kabati la mhadhiri ni hasara. Zikipelekwa kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti kabla ya Februari 28 zinakuwa maoni ya umma yaliyoandikwa, ambayo kamati inapaswa kuyapokea na kuyatafakari. Gharama yake ni karatasi na nauli.

Gharama kwa jumla si kubwa, na hapo ndipo wengi hushindwa kuamini. Walimu wa ufundi wanahitaji mafunzo mafupi ya sheria tatu: ya fedha za umma, ya habari na ya ununuzi. Chuo kinahitaji mtu mmoja wa kupokea na kutunza nyaraka. Waraka wa bajeti unahitaji kupatikana kwa Kiswahili, angalau sehemu ya miradi ya wadi, na wanafunzi wa mawasiliano wanaweza kuufasiri kama kazi ya muhula, kisha redio za mji zikausoma kwa Kiborana na Kiturkana. Panahitajika pia kinga kwa mwanafunzi, na sitaki kulipitia hili kwa haraka, kwa sababu kijana aliyeuliza swali gumu hadharani leo ndiye atakayeomba mafunzo kazini katika idara ya ujenzi kesho. Ripoti zitolewe kwa jina la darasa na kutiwa saini na mwalimu.

Kuna hatari nyingine, ya upande wa pili. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wahitimu wengi wa ufundi wanaota kampuni ndogo ya kujenga vyoo na kuta za shule. Ndoto hiyo ni halali kabisa. Lakini mkandarasi kijana anayesubiri malipo ya kaunti kwa miezi minane hana sauti. Amegeuka mateka wa ofisi ya fedha. Elimu ya uraia inayofundisha namna ya kupata zabuni bila kufundisha namna ya kudai malipo yaliyochelewa, kwa barua, kwa malalamiko rasmi, kwa kundi, itazalisha watu wapole wenye madeni.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Waraka wa sera ya fedha wa kaunti utawasilishwa Februari 28 mwaka huohuo, katikati ya muhula wa kwanza, wakati wagombea wanaahidi kila kitu na kaunti inaandika kiasi ambacho kitapatikana. Bodi ya chuo chochote cha Isiolo haihitaji ruhusa ya Nairobi kulipeleka darasa moja la ujenzi kwenye kikao cha wadi mwezi huo likiwa na mchoro, futi ya kupimia na barua ya maombi ya habari iliyopelekwa siku 21 kabla.